Jeraha la Kichwa na Watu Walioishi Nalo

Fungueni madaftari yenu. Leo katika somo letu la historia hatutasoma habari za masultani wala za vita. Tutasoma habari za kichwa cha binadamu kinapopigwa, na jinsi watu walivyoishi baada ya pigo hilo, tangu zamani sana hata siku hizi.

Labda utauliza, je, hiyo nayo ni historia? Ndiyo. Ninyi mnaosikiliza katika kisiwa cha Songo Mnara mnapita kila siku karibu na magofu ya mji wa kale. Kuta zile za matumbawe na chokaa zilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 14, na wenyeji waliuhama mji ule katika karne ya 16. Mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni huja kutazama misikiti na jumba kubwa, wakasifu. Lakini kila jiwe la juu lilipandishwa na mtu, na penye kazi ya kupanda hapakosi kuanguka. Hata leo kazi zenu ni za kuhatarisha kichwa. Mkwezi yu juu ya mnazi. Henza ikikatika chomboni, foromali huwaangukia walio chini. Na ukivuka bahari ukafika Kilwa Masoko, unapanda bodaboda, mara nyingi kichwa kitupu.

Basi kwanza tufahamu kitu chenyewe. Chukua nazi. Fuvu la kichwa ni kama kifuu, ni gumu. Ubongo uliomo ndani ni laini kama nyama ya dafu changa, nao umezungukwa na maji kidogo. Kichwa kinapopigwa kwa nguvu, ubongo hutikisika na kujigonga kwenye fuvu, mbele na nyuma. Mishipa midogo huweza kukatika, damu ikavuja. Damu hiyo haina pa kutokea, kwa sababu fuvu halipanuki, kwa hiyo huubana ubongo. Kumbuka neno hili: kifuu chaweza kuwa kizima, na cha ndani kimevurugika. Ndiyo sababu mtu huweza kuumia vibaya pasipo kuonekana hata tone la damu.

Watu wa zamani walilijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Huko Misri kuna maandishi ya mafunjo, yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, ambayo huitwa kwa jina la Mmarekani aliyeyanunua mjini Luxor mwaka 1862, Edwin Smith. Ndani yake mna habari za wagonjwa 48, na 27 kati yao ni watu walioumia kichwa. Mganga aliyeandika alimchunguza kila mmoja kwa mikono yake, kisha akatoa hukumu mojawapo kati ya tatu: huyu nitamtibu, huyu nitapambana naye, huyu hana dawa. Mgonjwa mmoja alivunjika mfupa wa panja, akashindwa kusema. Mganga yule hakusema kwamba ulimi umefungwa na adui. Aliandika pamoja kuvunjika kwa mfupa na kupotea kwa maneno. Hiyo ilikuwa akili kubwa.

Yapata mwaka 1000 baada ya Kristo, zaidi ya miaka mia tatu kabla ya kuta za Songo Mnara, daktari Mwislamu wa nchi ya Andalusia, al-Zahrawi, aliandika kitabu kikubwa cha utabibu. Humo alieleza namna ya kutibu fuvu lililovunjika, na akaonyesha keekee ya kutobolea mfupa iliyotengenezwa isiweze kuzama ndani na kuuchoma ubongo.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki. Magharibi ya Kenya, katika milima isiyo mbali na Ziwa Viktoria, wanakaa Wagusii, ambao wengi wetu tunawaita Wakisii. Tangu zamani walikuwa na mafundi wa kupasua kichwa. Fundi huyo huitwa omobari, na kazi aliipata kwa mzee wake, kwa kutazama na kusaidia muda mrefu. Na ni nani aliyekwenda kwake? Hapa nataka usikilize vizuri. Wengi hawakuwa watu waliopigwa jana. Walikuwa watu waliopigwa rungu, au walioanguka, kidonda cha ngozi kikapona kabisa, halafu muda ukapita na kichwa bado kinauma. Ndugu zao wakaona kwamba ugonjwa haujaisha, wakawapeleka.

Mgonjwa alishikwa na jamaa zake. Omobari alichanja ngozi ya kichwa, kisha akaukwangua mfupa kwa kisu kilichopinda, polepole sana, asije akautoboa utando unaofunika ubongo. Damu aliizuia kwa dawa za miti. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari waliokuwa Kenya waliandika habari za kazi hii katika majarida yao. Mmoja wao alikuwa Dk. Edward Margetts, Mkanada, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi. Walistaajabu kuona ya kwamba wengi wa waliopasuliwa walikuwa hai. Yumo katika maandishi hayo mtu mmoja aliyepasuliwa mara nyingi hata sehemu kubwa ya fuvu lake ikaondoka. Alivaa kofia ngumu ili kuulinda ubongo, akaendelea kuishi.

Simshauri mtu yeyote leo akakwanguliwe kichwa. Maumivu mengi yanayobaki baada ya pigo hayataki kisu, na wengine waliokwanguliwa walirudi tena na tena kwa sababu hawakupata nafuu. Lakini Wagusii walifahamu jambo moja ambalo hata sasa wengi hatulifahamu. Walijua kwamba kufunga kwa kidonda siyo mwisho wa pigo. Mtu anayelalamika mwezi wa sita baada ya kuanguka hakumwita mvivu wala mwongo. Walimwita mgonjwa.

Tuvuke bahari kwanza, maana kuna watu wawili wa nchi za mbali ambao habari zao zitatufaa hapa nyumbani.

Wa kwanza ni Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli katika Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 alikuwa akishindilia baruti katika mwamba kwa mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi. Baruti ikalipuka. Mtaimbo ukamwingia shavuni ukatokea utosini, ukaanguka mbali. Gage hakufa. Baada ya muda mfupi alikuwa akisema. Daktari wake, John Harlow, alimwuguza mpaka akapona kidonda, ila jicho moja liliharibika.

Lakini rafiki zake walisema kwamba Gage huyu siye Gage yule. Zamani alikuwa mpole, mwenye mipango, na vibarua walimpenda. Sasa akawa mwenye hasira na matusi, akianza jambo haliishi. Kampuni haikumrudishia kazi yake ya usimamizi. Walimu wengi wanaposimulia habari hii huishia hapo, kana kwamba mtu yule aliharibika moja kwa moja. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari. Mwaka 1852 Gage alikwenda nchi ya Chile, Amerika ya Kusini, akafanya kazi ya kuendesha gari la farasi la abiria. Kazi ile alidumu nayo miaka kadhaa. Fikiri inavyokuwa: kuamka mapema, kulisha farasi, kuwafunga, kupakia mizigo, kusema na abiria, kuishika njia ile ile, na kesho kurudia vile vile. Wanahistoria wengine wanaona kwamba utaratibu huo wa kila siku ndio uliomsaidia kurudi katika utu wake. Alikufa mwaka 1860, baada ya kupatwa na degedege, karibu miaka 12 tangu kuumia.

Wa pili anatuhusu zaidi sisi wa madarasa ya watu wazima. Aliitwa Zasetsky, kijana Mrusi aliyekuwa akisomea uhandisi katika chuo. Vita Kuu ya Pili ilipokuja akaenda jeshini. Mwezi wa Machi 1943, karibu na mji wa Smolensk, risasi ilimwingia kichwani upande wa kushoto, kuelekea nyuma. Alipozinduka hakujua kulia wala kushoto. Upande wa kulia wa kila alichokitazama ulipotea. Alitazama gazeti la lugha yake mwenyewe akadhani ni la kigeni. Mtu aliyefika chuo kikuu alikuwa hajui herufi hata moja.

Hapo hospitalini akapewa mwalimu, akaanza tena kama mtoto. Wewe unayejifunza kusoma ukubwani unajua aibu ilivyo ya siku za kwanza. Yeye aliiona mara mbili, maana aliwahi kujua. Ili kuikumbuka herufi alijifungia kila moja kwa neno analolijua. Na akitaka herufi fulani, aliisoma alfabeti kwa sauti tangu mwanzo mpaka aifikie. Kuandika kulimshinda zaidi, kwa kuwa kila herufi alisimama kuitafuta.

Kisha siku moja daktari akamwambia asiandike herufi moja moja, bali aliandike neno zima kwa mara moja, bila kuinua mkono. Akajaribu, na neno likatoka! Mkono ulikumbuka yale ambayo kichwa kilisahau. Ajabu ni kwamba, baada ya kuandika, kuyasoma aliyoyaandika bado kulikuwa taabu kubwa.

Tangu siku hiyo Zasetsky aliandika habari za maisha yake. Alirudi kukaa kwa mama yake na dada zake. Kuna siku alimaliza nusu ukurasa, kuna siku mistari michache tu, na kichwa kikiuma. Aliandika hivyo kwa miaka kama 25, kurasa zipatazo 3,000. Daktari wake, Alexander Luria, alitoa kitabu juu yake mwaka 1971. Hakupona akawa kama zamani, na sitaki kuwadanganya. Chuoni hakurudi. Lakini alikuwa na kazi yake, na aliamka kila siku kuifanya.

Turudi kwenye habari za kukinga. Mwaka 1935 Mwingereza mashuhuri, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki, akafa baada ya siku sita. Kati ya madaktari waliomwona alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo aliyezaliwa Australia. Cairns hakulisahau jambo lile. Mwaka 1941 aliandika juu ya waendesha pikipiki wa jeshi la Uingereza walioumia kichwa, akaonyesha faida ya kofia ngumu, na mwaka huo huo jeshi likaamuru wote wavae. Hiyo ndiyo nasaba ya helmeti ya bodaboda. Dereva anayeitundika kwenye usukani ili polisi aione amekichukua chombo na kuiacha faida yake.

Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitunga kipimo ambacho leo hutumika hospitalini duniani pote. Hakitaki mashine. Mganga hutazama mambo matatu: je, mgonjwa anafumbua macho? Je, anajibu? Je, viungo vinafanya vinavyoamriwa? Humpa alama, na jumla yake huwa kati ya 3 na 15. Basi ukimwona mwuguzi anamwita jamaa yako kwa sauti, anamfinya, anamwambia ainue mkono, usikasirike ukadhani anamtesa. Anampima.

Na hapa Tanzania? Kwa miaka mingi mtu aliyevuja damu ndani ya fuvu katika mikoa ya mbali alikuwa na tumaini dogo, kwa sababu wapasuaji wa ubongo walihesabika kwa vidole. Mwaka 1996 ilianzishwa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo hutibu na majeraha ya ubongo. Lakini habari ninayoipenda ni ya Haydom, hospitali ya Walutheri huko Mbulu. Mwaka 2006 alikuja daktari mpasuaji kutoka Marekani, Dilan Ellegala, mzaliwa wa Sri Lanka. Hakukuta vifaa alivyovizoea. Inasimuliwa kwamba alimwona mtu akikata tawi la mti kwa msumeno wa waya, akaununua, ukachemshwa na kusafishwa, ukatumika kufungulia fuvu.

Kisha akafanya jambo lililo kubwa kuliko hilo. Alimfundisha tabibu wa pale, Emmanuel Mayegga, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari wa ubongo, kufanya upasuaji huo. Naye Mayegga akamfundisha mwenziwe, na mwenziwe akamfundisha mwingine. Ni desturi ile ile ya omobari na mwanafunzi wake, safari hii pamoja na dawa ya usingizi.

Sasa mama zangu na baba zangu, tuingie nyumbani kwetu. Ikiwa mtu ameanguka mnazini au amepigwa na foromali, mlaze juu ya ubao, shingo imenyooka, msimkunjekunje. Asipewe pombe. Mtazame usiku na mchana. Akitapika mara kwa mara, akasinzia hata haamshiki, akipatwa na degedege, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, au maji yakimtoka puani na masikioni, usingoje kuche. Hata ikiwa alizinduka akazungumza vizuri na kucheka, maana damu ya ndani huweza kukusanyika taratibu kwa saa nyingi. Tafuta chombo, mvuke, mfikishe hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, nao wataona kama ni wa kupelekwa mbele.

Hayo ni ya siku za kwanza. Taabu ndefu huja baadaye, mgonjwa akisharudi. Anatembea, anakula, na majirani husema amepona. Lakini mkewe anaona mambo mengine. Mume aliyekuwa mcheshi anafoka kwa jambo dogo. Anaulizwa swali lile lile mara tatu. Anatumwa dukani kununua chumvi na mafuta ya taa, anarudi na chumvi tu. Mchana analala. Kelele za watoto zinamtesa. Hapo ndipo maneno huanza: amerogwa, ana shetani, amekuwa mvivu, hamtaki mkewe tena. Nimewahi kusikia watu wanachangishana fedha za ngoma ya kumtoa pepo mtu wa namna hii. Imani za watu sizitukani. Lakini fikiri: ubongo uliochoka na usiovumilia hata mlio wa sufuria, unapigiwa ngoma mpaka alfajiri! Kinachoutengeneza ni usingizi na utulivu.

Kupona kwa ubongo huenda mbio katika miezi ya kwanza, kisha hupunguza mwendo, lakini hakukomi upesi. Mtu huendelea kujifunza kwa miaka. Mpe jambo moja kwa wakati mmoja. Sema naye polepole. Mwekee saa zile zile za kula, za kazi na za kulala, kama farasi wa Gage walivyomwekea saa zake. Mvuvi asirudi baharini siku ya kwanza. Akae kivulini pwani, ashone nyavu, akichoka aache. Mwezi ujao apare samaki, ahesabu fedha pamoja na mwanawe. Mnazini asipande, wala asivue peke yake, mpaka mganga amruhusu, kwa kuwa wengine hupatwa na kifafa baada ya jeraha la kichwa. Kifafa hicho hakiambukizi, hata ukimshika mgonjwa povu likimtoka. Akipewa vidonge vya kifafa asiviache kwa sababu amejisikia vizuri. Na tembo la mnazi aliache, maana sasa humdhuru zaidi ya wengine.

Wewe mwanafunzi unaweza kumfaa mgonjwa huyo kuliko unavyodhani, kwa kuwa unajua kuandika. Mtengenezee daftari. Kila asubuhi mwandikie mambo ya siku hiyo kwa maneno mafupi: kunywa dawa, kuteka maji, kwenda kwa shangazi. Likishafanyika, yeye mwenyewe alitie alama. Kama hajui kusoma, chora mtungi, chora kidonge. Msimfiche daftari hilo kama jambo la aibu. Nahodha naye huandika safari zake, na hakuna anayemcheka.

Basi sasa kazi ya darasa. Mwalimu atawaachia robo saa mzungumze kama mnamjua mtu wa hali hii katika kijiji, bila kumtaja jina, na ni kazi gani ndogo angeweza kupewa wiki hii. Kisha kila mmoja achukue kalamu. Andika neno Kilwa kwa herufi zilizounganishwa, bila kuinua mkono tangu mwanzo hata mwisho. Umelimaliza? Fumba macho, uliandike tena chini yake. Sasa fumbua utazame.